Barua ya wazi kwa viongozi wa makanisa ya Lubumbashi: msalaba wa yaya wangu bado una nafasi tupu

Lubumbashi, Novemba 2025

Waheshimiwa Mababa Maaskofu na Mapadri. Waheshimiwa Wachungaji wasimamizi wa jumuiya za Kiprotestanti. Wazee wa Kanisa la Kimbangu. Mitume na Wachungaji wa makanisa ya uamsho. Nyote mnaochunga Wakristo wa mji huu,

Tumsifu Yezu Kristu, kwa wale wanaojibu «milele na milele», na Bwana asifiwe, kwa wale wanaojibu «amina». Nimeandika salamu zote mbili kwa kuwa katika ukoo wetu zote mbili husikika asubuhi kabla chai haijachemka, na hakuna aliyewahi kuona ajabu mpaka tulipofiwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha miaka 31, kwanza katika shule ya Kiprotestanti na baadaye katika shule ya Kikatoliki. Tangu mwezi wa Juni mwaka huu nimeandika barua tatu kwa ofisi tatu za kanisa hapa mjini, nikazipeleka mwenyewe kwa miguu, na kila moja ikapigwa mhuri wa kupokelewa. Ofisi ya kwanza ilinijibu kwa mdomo kwamba jambo langu ni la familia. Ya pili iliniambia nirudi baada ya mkutano, na nilipouliza ni mkutano gani, karani aliinua mabega. Ya tatu sikuvuka mlinzi wa mlangoni. Mtu aliyenyamaziwa mara tatu ana ruhusa ya kusema uwanjani, nami nasema kwa heshima ya mtoto mbele ya wazazi, ila sitapunguza neno.

Lalamiko langu ni moja, ingawa nitalipanga kwa hesabu. Mmejifunza kuketi pamoja mbele ya serikali, hata mbele ya wenye bunduki, na hilo tunawashukuru. Kuketi pamoja mbele ya maiti wa mtaani hamjajifunza.

1. Kuhusu mazishi

Yaya wangu (ndivyo sisi wa hapa tunavyomwita dada mkubwa, msomaji wa pwani asidhani namtaja mlezi wa watoto) alizaliwa mwaka 1954 katika kambi ya wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, akabatizwa na padri Mbenediktini akiwa na siku chache. Aliolewa na Mmethodisti, akamfuata mume kanisani, akavaa kitenge cha Mama Kipendano, chama cha akina mama wa Kimethodisti, kwa zaidi ya miaka 30. Alipokuwa mjane na figo zikaanza kumsumbua, kanisa la uamsho lililo karibu na nyumba yake ndilo lililomtembelea kila jioni, kumwombea na kumfulia nguo, na huko akazamishwa majini mara ya pili. Katika maisha yake alisali katika makanisa matatu, na hakuwahi kuona kwamba amebadili Mungu.

Alifariki Jumatatu usiku, mwezi wa Mei, katika hospitali moja ya hapa mjini. Tulipanga kumzika Jumatano. Jumanne asubuhi nilikwenda parokiani. Katekista alifungua daftari, akateremsha kidole toka juu hadi chini, akaniambia kwamba marehemu haonekani katika shirika lolote tangu ndoa yake na hana kadi ya mchango, basi misa ya wafu haiwezekani. Mchungaji wa Kimethodisti alinipokea vizuri na akakubali kuja, lakini hakuwa tayari kusimama chini ya turubai moja na mtu aliyeliita kanisa lake, kwa kipaza sauti, mtaa mzima ukisikia, «kanisa lililokufa». Mtu huyo, mchungaji wa uamsho, alifika kiliyoni usiku huo, akasikia habari ya rozari ya zamani ambayo binti mkubwa alikuwa ameifunga mkononi mwa mama yake chumba cha maiti, na kwa kusikia tu akasema hawezi kuomba juu ya mwili wenye kamba ya mashetani, na kwamba marehemu ni wake kwa kuwa yeye ndiye aliyembatiza kwa haki.

Jumatano ikapita. Alhamisi ikapita. Wajomba waliotoka Likasi walikula bukari (ugali) ya watu ambao hawakuwa nayo, na bili ya chumba cha maiti ilikuwa ikipanda kila jua lilipotua. Siku tatu za ziada zililipwa kwa mkopo wa jirani yetu, mama muuza makala (mkaa).

Ijumaa nilikwenda kwa fundi wa misalaba, kijana anayefanya kazi kando ya njia ya makaburini. Alikuwa amechuchumaa na kopo la rangi nyeupe, ubao umelala juu ya matofali mawili. Aliniuliza bila kuinua kichwa: «Baba, niandike Yezu ao Yesu?» Nilikuwa na watoto wawili wa marehemu. Mkubwa alisema Yezu, kama kwa Wakatoliki. Mdogo alisema Yesu, kama kwa Waprotestanti na watu wa uamsho. Walianza kwa sauti ya chini, wakamaliza kwa kukumbushana mambo ya miaka kumi iliyopita, nani alimuuguza mama na nani alileta dola mara moja kwa mwaka. Nilifundisha watoto kuandika maisha yangu yote, na sikuwa nimeona herufi moja yenye uzito huo. Nilimwambia fundi aandike jina la marehemu na miaka yake, na pale juu aache. Aliacha nafasi ya upana wa viganja viwili, na nafasi hiyo ipo hadi leo.

Jumamosi tulimzika. Mzee wa Kimethodisti alisimama upande wa kichwa, watu wa uamsho upande wa miguu, majirani Wakatoliki nyuma ya kichuguu, na hakuna aliyefungua kinywa akihofia kwamba mwingine ataondoka. Yule mama wa makala, ambaye ni Mkimbangu, alivua viatu, akakanyaga udongo mwekundu kwa miguu mitupu kama wanavyofanya wanaposali, akaomba Baba Yetu. Watu wote walimwitikia, kwa kuwa Baba Yetu kila mtu anaijua.

Mji wetu si mgeni wa kugombea marehemu. Simon Kimbangu, aliyeanza kuhubiri na kuponya kijijini kwake Nkamba mwaka 1921, alihukumiwa kifo mwaka huo huo, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akaletwa huku na kufungwa karibu miaka 30 mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951, mji ukiitwa bado Élisabethville. Baada ya kifo chake zilitoka habari upande wa Kikatoliki kwamba alikubali Ukatoliki kitandani mwa mauti. Wakimbangu wamezikana mpaka leo, na mwaka 1960 walichukua mabaki yake wakayarudisha Nkamba. Siamui kesi hiyo. Naikumbusha kwa sababu mtu aliyeteswa na serikali miaka yote hiyo, alipolala tu, watu wa Mungu walianza kuulizana ni wa nani.

Na nikumbushe jambo lingine la karibu zaidi. Somo la Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo la Januari 2025 lilitoka Yohana sura ya 11, penye kaburi la Lazaro, pale Bwana anapomwambia Martha kwamba yeye ndiye ufufuo, kisha anamuuliza: «Je! Unayasadiki hayo?» Nilikuwako jioni ya kufunga. Kwaya nne, viti vya mbele vimefunikwa vitambaa. Miezi minne baadaye nilikuwa mimi mwenyewe penye kaburi la ndugu, na hakuna hata mmoja wa wale waliokuwa viti vya mbele, wala mjumbe wao, aliyekuja kuniuliza swali hilo.

2. Kuhusu ubatizo

Nilimuuliza yaya kwa nini alikubali kubatizwa tena. Alicheka. «Maji ya kwanza sikuyasikia, nilikuwa mtoto. Haya ya pili yalikuwa baridi.»

Najua kwamba Wabaptisti na Wapentekoste wanaamini ubatizo ni wa mtu anayeungama kwa kinywa chake, na siwaombi waiache imani yao. Najua pia kwamba mwaka 1982, huko Lima, wanateolojia wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni, pamoja na Wakatoliki walioshiriki kazi hiyo, waliandika kwamba ubatizo haurudiwi, na najua vilevile kwamba Kanisa Katoliki halimbatizi tena mtu aliyekwisha kubatizwa kwa maji katika jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Kinachoniumiza ni maneno yanayosemwa kando ya tangi la maji: kwamba miaka yote ya nyuma ilikuwa ya upagani, kwamba mama aliyekufundisha kufanya ishara ya msalaba alikufundisha uchawi. Na upande wa pili nimesikia padri kijana akisema Jumapili kwamba waliozamishwa «wameogeshwa tu». Mtu mmoja anatukanwa kwa maji mawili.

3. Kuhusu makabila ndani ya makanisa

Hapa nitakaa, kwa kuwa hapa ndipo mgawanyiko wa makanisa unapogeuka kuwa hatari kwa maisha ya watu.

Wamisionari wa Kiprotestanti waligawana nchi ili wasigombanie watu. Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya kwa mfalme M'siri mwaka 1886, na kazi yake ikazaa kanisa la Garenganze. Wapresbiteri wa Marekani walianza Luebo, Kasai, mwaka 1891. Wamethodisti walijenga kwa Walunda wa mfalme Mwant Yav. William Burton na James Salter walianza kazi ya Kipentekoste Mwanza, katikati ya Waluba wa Katanga, mwaka 1915. Wakatoliki nao walikuwa na mapatano ya mwaka 1906 kati ya Vatikani na serikali ya Leopold wa Pili, yaliyowapa ardhi kwa sharti la kufungua shule, na hapa Katanga walishikana mkono na kampuni ya migodi kiasi kwamba mtoto wa kambi, kama yaya, alizaliwa Mkatoliki kama alivyozaliwa na namba ya baba yake ya kazi. Kwa wamisionari huo ulikuwa mpango wa kazi. Sisi tumeurithi kana kwamba ni damu. Ukimwuliza mtu wa hapa anasali wapi, mara nyingi hutafuti kujua anaamini nini. Unatafuta kujua ametoka wapi.

Mwaka 1992 nilikuwa nikifundisha Likasi. Maneno yalianza sokoni, yakapanda jukwaani kwa wanasiasa, na ndugu zetu wa asili ya Kasai wakaitwa bilulu, yaani wadudu. Wakafukuzwa kwa maelfu mengi, Likasi na mwaka uliofuata Kolwezi, wakalala kwenye vituo vya gari la moshi kwa majuma na wengine kwa miezi wakingoja behewa la kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona, na wengi walifia hapo kituoni au njiani. Darasa langu lilikuwa na watoto 46. Asubuhi moja niliita majina, wakaitika 19. Nilimaliza kuita orodha yote kwa sababu sikujua la kufanya lingine. Jumapili ile, katika kanisa nililosali, ilisomwa Injili ya siku, yakatolewa matangazo ya mazoezi ya kwaya, na tukaimba wimbo wa kutoka. Nilimjua mchungaji mmoja aliyewaficha watu nyumbani kwake, na hakuwa peke yake; hao siwasahau. Lakini makanisa, kama makanisa, kwa sauti moja na Jumapili moja, sikuyasikia.

Leo gari la moshi linapowashusha wasafiri kutoka Kasai, maneno yale yale huanza tena, safari hii kwenye simu. Na ndani ya makanisa yetu kuna ibada ya Tshiluba saa hii, ya Kibemba saa ile, ya Kiluba jioni. Sina neno na mtu anayemwomba Mungu kwa lugha ya mama yake. Hata mimi nikiumwa siombi kwa Kifaransa. Neno langu ni juu ya kinachofuata: kamati ya parokia inapochaguliwa watu wanahesabu makabila vidoleni, mchungaji anapohamishwa nusu ya waamini wanamfuata na kufungua kanisa jipya mtaa wa tatu, nalo linaandikishwa kama ufunuo.

Tulikuwa na dawa, nayo ilitoka hapa hapa. Kiswahili chetu ni lugha ya makambi, hakuna kabila la Katanga linaloweza kusema ni mali yake. Katika miaka ya 1950, Kolwezi, Padri Placide Tempels, Mfransisko, aliketi na wafanyakazi wa migodi na wake zao, watu wa makabila mbalimbali, na katika Kiswahili hicho wakazaa chama cha kiroho kiitwacho Jamaa: mume na mke sawa, Mlunda na Mluba meza moja. Baadaye yalitokea mambo yaliyowafanya maaskofu kuibana, na huenda walikuwa na sababu zao. Lakini nimewaona wazee wa Jamaa wakizikana. Hakuna aliyeulizwa kadi.

4. Kuhusu kazi mashuleni

Hili litachukua mistari michache. Tangu mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 serikali iliyaachia makanisa kusimamia sehemu kubwa ya shule zake, lakini mwalimu analipwa na serikali, si kwa sadaka. Hata hivyo nimeona kijana mwenye diploma nzuri akirudishwa kwa kukosa barua ya padri wake, na mwingine akibatizwa upya mwezi wa Agosti ili aanze kazi Septemba. Imani ya namna hiyo mnaijua nyinyi wenyewe inavyoishia.

5. Kuhusu meza za juu

Mwaka 2021 madhehebu manane yaliyopewa kazi ya kumpendekeza mwenyekiti wa CENI, tume ya uchaguzi, yalishindwa kupatana. Kanisa Katoliki na Kanisa la Kristo Kongo, ECC, mwavuli wa Waprotestanti, walikuwa upande mmoja. Mengine sita upande wa pili. Denis Kadima akapita, na nchi nzima ikaona watumishi wa Mungu wakitupiana maneno ya rushwa na ukabila mbele ya vyombo vya habari. Tuliona haya, lakini tulinyamaza.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 tuliona kinyume chake. CENCO, baraza la maaskofu Wakatoliki, na ECC walikuja na pendekezo lao la mapatano ya kijamii kwa ajili ya amani na kuishi pamoja vizuri, na mwezi wa Februari, Goma ikiwa mikononi mwa waasi wa AFC/M23, wajumbe wao walifika huko kuongea na viongozi wa kundi hilo, kisha wakaenda Kigali. Wako waliowatukana kwa kwenda. Mimi nilijivunia. Nilimwambia yaya, akiwa bado hai, «Ona, padri na mchungaji katika gari moja.» Ndiyo maana kilichotukia Mei kiliniuma zaidi. Wakubwa wenu wamevuka mstari wa vita pamoja. Katekista na mchungaji wa mtaa wangu wameshindwa kuvuka barabara ya udongo inayotenganisha milango yao.

Najua mtakachojibu, kwa kuwa nimekwisha kukisikia nusu nusu kwa makarani wenu.

Mtasema kwamba mafundisho yanatofautiana. Ni kweli. Lakini jambo lililoyapasua makanisa ya Ulaya katika karne ya 16, yaani mtu anahesabiwaje haki mbele ya Mungu, Wakatoliki na Walutheri walilitilia sahihi ya pamoja Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999, na Wamethodisti wa ulimwengu wakajiunga nalo mwaka 2006. Kama waliweza kupatana juu ya neema, sioni kwa nini sisi tushindwe juu ya ratiba ya mazishi.

Mtasema kwamba makanisa ya uamsho hayana mkuu mmoja, kwamba kila mwenye maikrofoni ni mtume. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama mwaka 2021 makanisa hayo hayangekuwa na mwakilishi wao penye meza ya CENI. Mwenye kiti cha siasa apatikane pia kwa kilio.

Mtasema kwamba Wakimbangu, kwa mafundisho yao ya miaka ya karibuni juu ya Papa Simon, yaani Kimbangu, na wanawe, wamejitenga wenyewe na imani ya makanisa mengine. Mjadala huo naufahamu na siwaingilii. Naeleza tu nani aliomba penye kaburi la yaya.

Na mtasema, hili ndilo zito, kwamba waamini wenyewe ndio wanaohamahama, na kanisa si nyumba ya wageni. Hapa nawaomba mnisikilize kwa muda kidogo. Watu wanahama, na wataendelea. Anayetoka misa ya saa kumi na mbili asubuhi na jioni akaenda chumba cha maombi hajioni mwasi. Anaona kwamba asubuhi amepewa Ekaristi na jioni amepewa mtu wa kumshika kichwa na kutaja jina lake. Mama asiyeweza kusema neno katika kanisa moja anapewa kushuhudia katika lingine. Mgonjwa huenda kule anakotembelewa. Nanyi wenyewe mmebadilika kwa sababu ya kuhama huko, hata kama hamsemi: Wakarismatiki Wakatoliki wanaomba kwa sauti kama Wapentekoste, mapambio ya uamsho yanaimbwa katika kanisa la Kimethodisti, na misa yenyewe, tangu Roma ilipoidhinisha mwaka 1988 misale kwa majimbo ya Zaire, inachezwa. Nyimbo zimeruka ukuta zamani. Waliobaki wakilinda ukuta ni watunza madaftari. Yaya alihama kwa sababu kila mahali alipewa kitu cha kweli, na kwa hilo nawashukuru nyinyi nyote watatu. Nisichoweza kushukuru ni kwamba kila mmoja wenu alitaka kumlipisha kwa alichopewa na wengine.

Basi naomba haya.

Kwanza, mkataba wa mazishi wa mji huu, ukurasa mmoja tu, wenye sahihi zenu: familia ichague nani ataongoza, wengine waje na waombe kwa zamu, asiwepo anayeulizwa kadi ya mchango wakati maiti haijazikwa, wala mwili usilale siku hata moja zaidi kwa ugomvi wa watumishi. Ukurasa huo ubandikwe penye milango ya makanisa na ya vyumba vya maiti.

Pili, makanisa yanayokubaliana juu ya ubatizo yatoe cheti kinachotambuliwa na yote, na yasiyokubali yaahidi kwa maandishi kutowatukana waliobatizwa kwingine.

Tatu, maneno ya chuki ya kabila yakianza tena, na yataanza, lisomwe tangazo moja, kwa Kiswahili, Jumapili moja, katika makanisa yote ya mji, kabla ya matangazo ya kwaya. Liandikwe sasa likae tayari, maana siku ile hakuna atakayekuwa na muda wa kutafuta maneno.

Nne, barua ya padri au mchungaji isiwe tena sharti la kupewa darasa.

Tano, Juma la Umoja la tarehe 18 hadi 25 Januari 2026 litoke katika makanisa makubwa ya katikati ya mji, lishuke Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba na Kamalondo, kila jioni kwa mwenyeji mwingine, na jioni moja iwe ya kusikiliza malalamiko kama haya yangu, viongozi mkiwa mmeketi na sisi tukisema. Somo la mwaka huo limekwisha kutolewa, Waefeso 4:4: «Mwili mmoja, na Roho mmoja.» Sitaki kuwafundisha kuhubiri. Naomba tu kwamba mtakapofika kwenye neno mwili mkumbuke uliongoja siku tatu mwezi wa Mei.

Nitasubiri jibu la maandishi mpaka tarehe 10 Januari. Jina langu, anwani yangu na namba yangu ya simu vimo katika zile barua tatu ambazo ofisi zenu zimezipiga mhuri.

Mvua zimeanza. Fundi amenipitia jana kuniambia kwamba rangi ya msalaba imechujuka na inabidi apake upya kabla ya Krismasi. Aliuliza tena lile swali lake, Yezu ao Yesu. Nimemwambia arudi baada ya tarehe 10.

Wenu katika utumishi,

Mwalimu mstaafu, Katuba, Lubumbashi